Jasho la Jumamosi halifuti pombe ya Ijumaa

Kuna sentensi moja ambayo ukikaa na vijana wa mjini wikendi ni lazima uisikie: "Leo nimekimbia kilomita 10, bia tatu ni haki yangu." Wengi huisema kwa mzaha, lakini ndivyo wanavyoishi. Na si vigumu kuona ilikotoka. Miaka ya majuzi vijana wa Kenya tumependa mazoezi kwa namna ambayo wazazi wetu hawakuijua. Msitu wa Karura hujaa wakimbiaji kabla jua halijapanda. Ngong na Longonot kila Jumamosi zina msururu wa vijana wenye mikoba mgongoni. Mombasa, ukifika Mama Ngina jioni, utakuta watu wakiruka kamba na kupiga pushapu huku upepo wa bahari ukiwapoza. Mitaani kuna jimu za ghorofani zenye vioo, na kuna zile za mabati ambapo vyuma ni mikebe ya rangi iliyojazwa saruji. Haya yote ni mambo mema, na sitaki mtu anielewe vibaya.

Kasoro inaanza pale mazoezi yanapoisha. Kupanda mlima kunamalizikia kwa nyama choma na kreti ya bia. Mbio za hisani zinamalizikia kwenye hema lenye DJ. Kundi la WhatsApp la wakimbiaji linageuka kundi la sherehe Ijumaa saa kumi na moja jioni, kisha Jumamosi alfajiri linarudi kuwa la wakimbiaji, na picha zinapakiwa kana kwamba usiku haukuwepo. Polepole tumejijengea imani kwamba mwili una akaunti mbili, moja ya mazoezi na nyingine ya pombe, na kwamba unaweza kutoa huku ukaweka kule bila yeyote kuuliza.

Akaunti ni moja. Na hatari ninayoiona si kwamba mkimbiaji anakunywa. Ni kwamba kukimbia kumekuwa kisingizio cha kutoulizwa anakunywa kiasi gani.

Hebu tupige hesabu kidogo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya sukari au protini ina 4, na gramu ya pombe halisi ina 7. Yaani pombe iko karibu na mafuta kuliko ilivyo karibu na sukari. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ya pombe, kama zile nyingi zinazouzwa hapa kwetu, ina takriban gramu 16.5 za pombe. Ukiongeza kilichobaki cha nafaka, chupa moja inakaribia kalori 200. Mtu wa kilo 70 anapokimbia huchoma takriban kalori 70 kwa kila kilomita. Kilomita 10 basi ni kalori 700, na bia tatu ni kama 600.

Kwa hesabu hiyo, jamaa wa kilomita 10 hajakosea! Hata ana salio. Na hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu karatasi inakubali. Lakini kwanza, hebu nionyeshe mtu aliyesema tatu na akaishia tatu, tena bila nyama na bila chipsi za saa saba usiku. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, mwili haufanyi hesabu kama kikokotoo cha simu. Una mpangilio wake wa nini kichomwe kwanza.

Mwili una ghala la kuhifadhi mafuta, unalijua kila unapovaa suruali ya mwaka jana. Una ghala la wanga kwenye misuli na ini. Ghala la pombe hauna. Kwa hivyo pombe ikiingia, ini huiweka mbele ya foleni na kuanza kuivunja mara moja, kwanza iwe asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kisha iwe kitu ambacho mwili unaweza kukitumia kama kuni. Wakati kuni hizo za pombe zinawaka, yale mafuta ya nyama choma yanasubiri. Hakuna anayeyahitaji, na yanapelekwa ghalani. Ndiyo maana kile tunachokiita kitambi cha bia mara nyingi ni kitambi cha mbuzi aliyeliwa na bia. Kijana anaweza kushinda jimu mwaka mzima, mabega yakapanuka na mikono ikajaa, lakini tumbo likabaki pale pale, naye analaumu umri. Ana miaka 27.

Tuje kwenye jasho. "Nitaitoa kesho kwa jasho" ni ahadi iliyovunjwa kabla ya kutolewa. Pombe inayotoka mwilini kwa jasho, pumzi na mkojo, ukiijumlisha yote, kwa kawaida haifiki sehemu moja kati ya kumi. Iliyobaki ni kazi ya ini, na ini halina mwendo wa kasi. Hufanya gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa kwa mtu wa kawaida. Halijali kama umekunywa supu ya kichwa, umeoga maji baridi, umekunywa kahawa nyeusi au umepiga skwati 100. Wale wa kutoa loki kwa chupa nyingine asubuhi wanaliongezea foleni tu.

Chukua ile chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali, wanayoiita kwota. Ikiwa ni ya asilimia 40, ndani mna karibu gramu 79 za pombe. Hizo ni bia tano kasorobo ndani ya chupa inayotoshea mfuko wa jaketi. Mtu akianza kuinywa saa tatu usiku, ini lake litakuwa linamalizia kazi karibu saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Huo ndio wakati hasa ambapo kundi la kupanda mlima linakutana kwenye kituo cha mafuta, na mmoja wao anashika usukani kuelekea Naivasha. Amelala saa nne, ameoga, amevaa viatu vya mlimani, ana chupa ya maji. Anajiona mzima kabisa. Akiwa alikunywa kwota mbili, pombe hiyo itakuwa bado damuni mchana wote. Kifaa cha Alcoblow hakiulizi kama umeoga, na lori la mbele yako kwenye mteremko wa Mai Mahiu halikusubiri.

Sasa misuli, kwa sababu hapa ndipo wapenzi wa jimu watanisikiliza.

Watu wengi hudhani misuli hujengwa wakati wa kuinua chuma. La. Wakati wa kuinua chuma unaiumiza. Inajengwa baadaye, ukiwa umekaa, umekula na umelala, mwili unapoziba zile nyufa ndogondogo kwa protini. Mwaka 2014 watafiti wa Australia walichapisha jaribio walilowafanyia vijana wanane waliozoea mazoezi. Waliwapa chuma na baiskeli, kisha wakawapa pombe, na baadaye wakachukua vipande vidogo vya misuli yao kuvipima. Waliokunywa pombe pamoja na vyakula vya wanga, ujenzi wa protini kwenye misuli ulipungua kwa asilimia 37 ukilinganishwa na pale walipopata protini bila pombe. Hata walipopewa protini pamoja na pombe, bado ulipungua kwa asilimia 24. Kwa lugha ya jimu, karibu robo ya seti zako umeziacha mezani, hata kama ulikunywa maziwa ya protini kabla ya kwenda baa.

Ni haki kusema kwamba hao walikuwa watu wanane tu, wote wanaume, na pombe waliyopewa ilikuwa nyingi: gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama bia sita za mililita 500. Mtu atasema, "Aa, sita ni nyingi, hiyo si mimi." Sawa. Lakini nenda kwenye baa yoyote Ijumaa ya mwisho wa mwezi uhesabu chupa tupu kwenye meza ya watu wanne, kisha ugawanye.

Usingizi nao una hadithi yake. Pombe hukuangusha haraka, na ndiyo maana watu huisifu kuwa inalaza. Inalaza, ndiyo, lakini nusu ya kwanza ya usiku peke yake. Ikishaanza kuisha damuni, usingizi unakatikakatika, unaamka saa tisa usiku koo limekauka na moyo unapiga kama umetoka kukimbia. Ile awamu ya usingizi wa ndoto, ambayo ubongo huihitaji kupanga mambo na kutulia, inapungua. Mtu analala saa nane na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Halafu anaenda jimu kubeba uzito ule ule wa wiki jana, na goti au bega linalipa.

Maji pia. Pombe huizima homoni inayoziambia figo zirudishe maji mwilini, ndiyo maana msururu wa choo cha baa hauishi. Aliyekimbia mbio za saa mbili tayari amepoteza maji mengi kwa jasho. Anapofika mwisho na kukabidhiwa bia baridi, koo linafurahi kweli, lakini mwili uliokuja kutafuta maji umepewa kitu kinachoyatoa. Kisumu au Mombasa saa sita mchana, hilo si jambo dogo.

Kuhusu moyo nitasema kwa kifupi. Mwaka 1978 madaktari wa Marekani walieleza jinsi watu waliokunywa sana wikendi au sikukuu walivyofika hospitalini mapigo ya moyo yakiwa yamevurugika, ingawa hawakuwa na ugonjwa wa moyo uliojulikana. Wengi wao hupona pombe ikikoma. Lakini kijana anayeamka na moyo unaorukaruka, halafu akaenda kuusukuma mlimani ili "aitoe", anacheza mchezo ambao sheria zake hazijui.

Dada zetu nao wameingia kwenye mchezo huu kwa nguvu, jini na toniki baada ya zumba, na hakuna anayewaambia ukweli kwa kuogopa kuitwa mshamba. Mwanamke na mwanamume wenye uzito sawa wakinywa kiasi sawa, damu ya mwanamke hubeba pombe zaidi, kwa sababu sehemu ya mwili wake iliyo maji ni ndogo kuliko ya mwanamume. Pombe haijali usawa wa kijinsia. Tena hatari ya saratani ya matiti huanza kupanda hata kwa unywaji mdogo.

Saratani ni neno ambalo wapenda mazoezi hawataki kulisikia, kwa kuwa tunaamini ni la wazee na la wavuta sigara. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, IARC, liliweka vileo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 1988. Kundi hilo linaeleza jinsi ushahidi ulivyo na uhakika, si ukubwa wa hatari, kwa hivyo asije mtu akasema nimelinganisha glasi moja na pakiti ya sigara. Lakini uhakika wenyewe upo: mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana, matiti. Mnamo Januari 2023 WHO ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Hapa kwetu saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua wengi. Sababu zake ni kadhaa na si zote zinatoka kwenye chupa, ila pombe imo. Kilomita zako haziwezi kuongea na seli za umio.

Najua kuna mjomba ambaye kwenye kila harusi anasema mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Mjomba alisoma gazeti la zamani. Tutamheshimu, lakini hatutamfuata.

Hapa kuna jambo linaloniudhi kuhusu jinsi tunavyozungumzia pombe nchini. Mjadala wetu hufufuka watu wakifa. Februari 2024 watu zaidi ya 10 walipoteza maisha Kangai, Kirinyaga, baada ya kunywa pombe yenye sumu, na nchi nzima ikaamka. Mawaziri wakatangaza masharti, machifu wakamwaga mapipa, baa zikafungwa. Ilifaa. Methanoli hupofusha na kuua, na familia zile zilistahili kusikizwa. Lakini tukishamaliza kumwaga chang'aa, tunarudi kwenye starehe zetu tukiwa na imani kwamba ulevi ni tatizo la mtu mwingine, wa kijijini, asiye na kazi, anayekunywa kwa mama pima. Kijana mwenye saa ya kuhesabu hatua mkononi hajioni kwenye habari hiyo. Chupa yake ina stempu ya KRA.

Stempu hiyo inaonyesha kwamba ushuru umelipwa. Ini halilijui hilo. Ethanoli iliyo ndani ya chupa ya duka kubwa ndiyo ethanoli iliyo ndani ya kikombe cha busaa. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya kila wanane wa umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akinywa pombe wakati huo. Hao wote hawawezi kuwa wateja wa mama pima.

Na tuseme ukweli, michezo yenyewe imelelewa na pombe. Moja ya klabu kubwa za soka nchini imebeba jina la bia kwa miaka mingi, na imeshinda ligi mara nyingi. Siwalaumu wachezaji, mishahara ni lazima itoke mahali. Lakini mtoto anayekua akiimba jina hilo uwanjani haoni tofauti kati ya bao na chupa. Ukishuka chini zaidi, kwenye mashindano ya mtaani ya Desemba, yale ya kushindania mbuzi na jezi za mwanasiasa, hali ni mbaya kuliko hapo. Vijana wanacheza dakika 90 kwenye vumbi na jua kali, wanashinda, mbuzi anachinjwa, na bahasha ya mheshimiwa inakwenda moja kwa moja kwenye kegi. Kesho yake kipa hawezi kusimama langoni. Nimeona timu nzuri ya mtaa ikisambaratika kwa njia hii ndani ya misimu miwili, na hakuna aliyesema neno kwa sababu "si wanafanya michezo, afadhali kuliko wezi".

Serikali nayo ina sera yake. Mwaka 2025 ilizindua sera mpya inayopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, uuzaji wa mitandaoni na wa kuletewa nyumbani upigwe marufuku, na watu mashuhuri wazuiwe kuitangaza. Hilo la mwisho naliunga mkono kwa mikono miwili. Mshawishi wa Instagram anayeonyesha tumbo lenye vipande sita asubuhi na chupa ya wiski jioni anauza uongo, maana tumbo lile halikujengwa na wiski. Hilo la miaka 21 sina imani nalo sana. Sheria ya 2010, ile iliyokuja kujulikana kwa jina la Mututho, tayari ilikataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na kila mtu anajua kibanda kinachowauzia. Zaidi ya hayo, watu ninaowazungumzia hapa wana miaka 24, 27, 31. Hakuna sera itakayowafikia. Watafikiwa na yule anayekimbia kando yao.

Ndiyo maana ninawaomba zaidi wanaoongoza makundi haya, wale mnaopanga njia, kukusanya pesa za basi na kuchagua mahali pa kumalizia. Mkimaliza kwenye baa, mmeamua kwa niaba ya kila mtu. Asiyekunywa atakaa na soda yake akichekwa, anayejaribu kuacha atashindwa siku hiyo hiyo, na mgeni wa kwanza atajifunza kwamba hivi ndivyo mambo yanavyofanywa. Kule Kaptagat, kwenye kambi aliyofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, mtu aliyekimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 jijini Vienna mwaka 2019, wanariadha wakimaliza mazoezi hunywa chai ya maziwa, hula ugali, hufua nguo na kulala. Dunia nzima hupanda ndege kuja kuuliza siri yao. Sisi tulio safari ya saa chache kwa matatu tunakwenda kuiga sherehe za mbio za Ulaya.

Chai na mandazi haigharimu. Uji wa wimbi, maziwa mala, ndizi, madafu kwa walio Pwani, vyote vinarudisha maji na nguvu kuliko kreti. Na kwa wale wa protini: bei ya bia mbili kwenye baa nyingi za mjini inakaribia au inapita bei ya trei nzima ya mayai. Mayai 30! Sijawahi kumsikia mtu wa jimu akilia kuwa bia ni ghali, lakini mayai yakipanda shilingi mbili ni kilio.

Sina ndoto kwamba kila mtu ataacha, na huu si mwito wa kuokoka. Atakayekunywa na anywe akijua. Asinywe siku ile ile aliyojichosha kabisa. Ale kwanza, anywe maji kati ya chupa moja na nyingine, asiendeshe gari, na asiende mlimani asubuhi inayofuata ili kujitakasa. Akipata jeraha uwanjani, pombe ingoje siku moja au mbili, kwa sababu hupanua mishipa ya damu na inaweza kuongeza uvimbe. Na ahesabu kwa gramu, si kwa chupa, kwa sababu chupa ni ndogo na kubwa.

Kuna kundi moja ambalo ushauri huo hauwatoshi, na hao ndio walionifanya niandike. Kila kikosi cha mazoezi kina mmoja wao. Ni yule ambaye mkimsema kidogo kuhusu chupa, jibu lake liko tayari: "Mimi mlevi? Jumapili nilikuacha nyuma dakika 10." Na kweli alikuacha. Mwili wa miaka 26 unaweza kubeba mengi kabla haujaanza kulalamika, na ini ni kiungo kisichopiga kelele mapema. Kwa hivyo sisi marafiki zake tunatazama muda wake wa kilomita 10 na kutulia. Tunatazama mahali pasipofaa. Tazama kama siku hizi anahitaji nyingi zaidi ili afike alipokuwa akifika kwa chache. Tazama kama anakuja mazoezini mikono ikitetemeka na inatulia akishaonja kidogo. Tazama kama siku isiyo na pombe inamfanya atoe jasho akiwa amekaa, awe mkali, akose usingizi.

Mtu aliyefika hapo msimwambie aache leo leo. Inasikika kama ukatili, lakini kwa aliyezoea kunywa sana kila siku, kukata ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu, na watu wamekufa hivyo wakiwa wamejifungia chumbani ili "wajisafishe". Anahitaji kwenda hospitali akaachishwe kwa utaratibu, kwa dawa, akiangaliwa. Laini ya NACADA ni 1192 na haitozwi pesa, na rafiki anaweza kupiga kuuliza kabla ya mwenyewe kukubali. Mpigie siku ya katikati ya wiki. Jumamosi asubuhi atakuwa anafunga kamba za viatu, na atakuambia yuko sawa.